Nepi ya Kilo Mia Mbili na Ishirini

Mkaguzi alichovya kidole kimoja tu. Alipiga magoti kwenye sakafu ya boti, akainama juu ya shimo la injini, akashusha kidole mpaka kwenye maji ya ngama, kule chini kabisa ambako kila kinachovuja botini hukimbilia kujificha. Akakipandisha taratibu mbele ya pua ya Nahodha. Kidole kilikuwa cheusi mpaka kiungo cha pili. Binti wa watu akaangaza huku na huku atafute pa kukifuta, na Nahodha, kwa heshima iliyopitiliza, akachomoa shati lake kwenye suruali na kumnyooshea ncha.

"Hapana, asante," mkaguzi akasema, akajifuta kwenye karatasi zake mwenyewe.

Fundi, mkewe Nahodha, alikuwa amekaa kwenye benchi la abiria na chakula cha mchana cha mumewe mapajani. Aliiona ile ncha ya shati ikining'inia bila kazi, asijue acheke au alie. Watu walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani. Mwaka wa ishirini na tano sasa alikuwa akishona mapazia na foronya sebuleni kwake. Nyumba yao ilisimama kwa miguu miwili, cherehani yake na boti ya mumewe iliyovusha watu ng'ambo na kuwarudisha. Sasa mguu mmoja ulikuwa umeingizwa kidole.

"Nitarudi kesho saa sita mchana," mkaguzi akasema. Hakuwa na hata miaka thelathini, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomtisha Nahodha zaidi ya makaripio. "Nikikuta mafuta humu ndani, leseni ya abiria hakuna. Na nikisikia mmemwaga tone moja majini, hata usije ofisini kuniomba."

Akatoa waya mwembamba mfukoni, akaifunga swichi ya pampu, akaibana kwa lakiri ya serikali. Halafu akaruka gatini. Alipokuwa anavaa kofia ya pikipiki akakumbuka jambo.

"Na hiyo injini muivishe nepi!"

"Sawa sawa, mheshimiwa!" Nahodha akajibu kwa kishindo, kama mtu ambaye amekuwa akivisha injini nepi tangu utotoni. Alikuwa katika kundi la wanaume ambao ni heri wapotee njia siku tatu kuliko kuuliza.

Pikipiki ilipokwisha kupotea, Fundi akasema, "Nepi?"

"Nepi."

"Nepi ya mtoto?"

"Kwani wewe unajua nepi ya nani mwingine?"

"Ya wazee ipo."

"Injini ina miaka sita, Fundi. Ni mtoto." Nahodha akachungulia shimoni, akakuna kichwa. "Wewe ndiwe utakwenda kununua. Mimi mwanamume na mvi hizi nikaombe nepi dukani? Na usimwambie mtu ni za nini. Yule wa boti ya bluu akijua tumefungwa pampu, kesho abiria wote wake. Asijue mtu. Hata mama. Hasa mama!"

"Kwa nini hasa mama?"

Nahodha akaanza kukunja kamba ambayo ilikuwa imekwisha kunjwa.

"Baba Watoto, maji haya ya ngama siku zote unayapeleka wapi?"

"Yanakwenda."

"Yanakwenda wapi?"

"Maji huenda majini, mke wangu. Wewe ulitaka yaende msikitini?"

Ndipo Fundi alipoelewa. Kila Jumamosi alfajiri mumewe aliamka mapema "kupasha injini". Na kila Jumamosi asubuhi, kwenye ngazi za mawe chini ya gati, mama mzazi wa huyo huyo mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Shuka, alifua mashuka ya nyumba ya wageni, kazi iliyomweka mjini tangu ujane wake. Miaka sita alikuwa akitoa shuka jeupe majini na kulikuta na ramani nyeusi ya mafuta. Miaka sita alikuwa akisimama pale ngazini, mikono kiunoni, akimlaani asiyemjua: "Mwenda wazimu gani huyu? Sijui mama yake alimlea vipi!" Na mara ngapi Nahodha alikuwa akipita gatini juu yake na kuitikia, "Kweli mama, watu hawana haya!"

"Wewe mtu," Fundi alisema, na kabla hajamaliza kukasirika kicheko kikamtoka puani. "Wewe mtu una moyo wa jiwe!"

"Cheka. Mama akijua, leseni itakuwa tatizo dogo."

*

Duka lililokuwa karibu na gati liliuza kila kitu kuanzia misumari mpaka pipi, na mwenye duka, mama mnene mwenye miwani, alijua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua.

"Nepi?" akarudia, akashusha miwani. "Za mtoto wa kilo ngapi?"

Nepi hupimwa kwa kilo, na Fundi hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Watoto wake walikuwa watu wazima na mjukuu wake wa kwanza alikuwa darasa la tatu. Kichwani alikuwa na mtoto mmoja tu, basi akamtaja huyo huyo.

"Mia mbili na ishirini."

Nzi akatua juu ya mizani.

"Nakutania, shoga," Fundi akasema haraka, jasho likimchuruzika. "Nipe za wachanga. Nipe pakiti sita."

"Sita! Ni mapacha?"

"Hapana, ni… anavuja sana huyu."

"Atavuja vipi naye hajazaliwa?" Mwenye duka akamtazama tumbo, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili, macho yamelowa. "Na umri huo! Hamsini!"

"Na moja. Lakini sikiliza, si mimi…"

"Hata mimi ningekana. Mambo haya hayasemwi mapema. Kaa kimya, mama, na mimi nakaa kimya. Siri yako naizika hapa." Akajipiga kifuani.

Akaizika kweli, ila kaburi lilikuwa fupi. Alimnong'oneza dada yake tu, na dada yake naye hakumwambia mtu isipokuwa wale waliokuwepo. Fundi alilipa kwa pesa ya mapazia ya mwalimu mkuu, na kabla hajafika kona ya pili kijana wa baiskeli alimpokea mzigo, "Usibebe vizito, mama." Kwenye kona ya tatu mwanamke asiyemjua akamletea kiti. Alikana mara nne mpaka anafika gatini, na kila alipokana habari ilithibitika zaidi. Wanawake wawili waliokuwa wakingojea boti ya bluu walimtazama tumbo, wakatazamana, mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Na mumewe mwenyewe ndiye yule mwenye mvi? Haya! Wazee hawa!"

Fundi akapanda botini akiwa amefura kwa hasira na kicheko kwa pamoja.

"Nimekuzalia," akamwambia mumewe, akamtupia pakiti sita kifuani.

*

Basi wakaivisha injini nepi. Wakafungua, wakatandaza, wakasukumia chini ya injini, pembeni mwa injini, nyuma kule shafti inakopenya kwenda kwenye pangaboi na maji huingia tone kwa tone. Nahodha alifanya kazi kwa bidii na kwa ujuzi wa uongo, akitoa amri: "Hiyo geuza. Hiyo funga gundi yake vizuri. Mkaguzi ataangalia gundi."

Nepi zikanywa. Ajabu ya nepi, zilikunywa maji tu. Zilitengenezwa kwa ajili ya maji, na maji zikayapata. Zikavimba, zikanona, zikaota vitambi, zikaanza kubanana na kupanda juu kama zinataka kutoka. Mafuta hayakuguswa. Yalibaki yale yale, sasa yamekuwa mazito zaidi kwa kukosa maji ya kuyabeba, yakaipaka kila nepi na kila mkono. Nahodha alipovuta moja kwa nguvu, ikapasuka, na utelezi wake ukamwagika kifuani kwake. Akakanyaga nyingine, akateleza, akakaa kitako juu ya nyingine nne, zikalia puuu.

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Alicheka akalia machozi, akajifuta machozi kwa mkono mchafu, na kufumba na kufumbua naye akawa mweusi uso mzima. Mumewe akamwona, akasahau leseni, akacheka naye. Wakakaa wawili hao ndani ya shimo la injini, watu wazima, babu na bibi wa mtu, wamezungukwa na nepi thelathini na kitu zilizoshiba.

Halafu kicheko kikaisha, na jua nalo likawa linashuka.

"Tumekwisha," Nahodha akasema. "Boti hii isipobeba abiria, nitakuwa nani mimi? Nitakaa sebuleni kwako nikushikie uzi?"

"Utashika uzi vibaya, nakujua," Fundi alisema, lakini roho ilimwuma. Aliiona nyumba yao inachechemea kwa mguu mmoja. Akamshika bega. "Kesho ni siku."

*

Kesho yake saa moja asubuhi, wakiwa wamerudi shimoni na ndoo na matambara, walisikia vigelegele. Mwanzo vilikuwa mbali, vikakaribia, vikapanda gatini.

"Nani anaolewa?" Nahodha akauliza.

Fundi akachungulia, akarudi chini upesi. "Mama yako."

Bibi Shuka alikuwa anakuja mbio mbio kwa miguu yake ya miaka sabini na mitatu, amevaa gauni la sherehe, mkononi ana kimto kidogo cheupe kilichoshonwa usiku huo huo. Nyuma yake abiria wa boti ya bluu walikuwa wamesimama kutazama, wengine wanapiga makofi bila kujua ni ya nini.

"Mwanangu! Mkwe wangu! Mungu hana papara! Nimekata mto wangu mwenyewe wa sufi nimshonee mjukuu wangu kimto, alale kichwa kipoe!"

"Mama," Fundi akainuka kutoka shimoni, mweusi mpaka nyusi. "Mama, shikamoo. Hakuna mtoto."

"Marahaba. Usinifiche, nimeambiwa na watu tisa. Na nepi hizo je?"

"Ni za injini, mama."

Bibi Shuka akasogea ukingoni. Alitazama nepi zilizovimba. Alimtazama mwanawe aliyejikunyata nyuma ya injini kama paka aliyeiba. Halafu pua yake ikafanya kazi. Mwanamke aliyefua miaka yote hiyo hahitaji kuambiwa doa limetoka wapi; akinusa tu anajua.

"Harufu hii naijua," akasema polepole.

"Mama, mimi nilikuwa nafua ngama tu," Nahodha akajitetea. Ndivyo mabaharia wasemavyo. Kutoa maji botini ni kufua. "Kila chombo hufuliwa, mama. Ni kufua tu."

"Kufua?" Sauti ya mama ilipanda mpaka ng'ambo. "Mimi nafua, na wewe unafua, mbona mashuka ni yangu tu yanayotoka meusi? Wewe hufui, mwanangu. Unachafua! Miaka sita! Miaka sita namtukana mama wa mtu, kumbe najitukana mwenyewe!"

Akamrushia kile kimto. Alikusudia kichwa. Kimto kikampita Nahodha sikioni, kikagonga injini, kikaangukia kwenye kona moja ya ngama ambako nepi hazikufika na maji meusi yalikuwa bado yametuama.

Abiria wa boti ya bluu walikuwa wamesogea wasikie vizuri.

Fundi ndiye aliyeona. Kimto hakikuzama. Kilielea pale kwenye kona, na weusi ukaanza kukipanda, kwanza pindo, halafu tumbo lote, kikawa kinakunywa kama mtu aliyetoka jangwani. Na pembeni yake, pale kilipopita, maji yalibaki maji. Ungeweza kuona ubao wa chini.

Akakinyakua, akakata mshono kwa meno, akachambua sufi ile ya mti wa msufi kwa vidole. Nyuzi zilikuwa zimejaa mafuta tele, lakini maji hazikuwa nayo. Mtu aliyeshinda na vitambaa na pamba na sufi tangu ujana wake anajua kipi kinakunywa nini. Hakuwahi kuwaza tu kwamba injini nayo ina kiu.

"Mama, mito ya sufi umebaki nayo mingapi nyumbani?"

"Minne. Ya harusi yangu. Kwa nini?"

"Naiomba."

"Mito yangu ya harusi iliwe na injini!"

"Mama, leo saa sita wanamnyang'anya leseni."

Bibi Shuka alimtazama mwanawe. Nahodha alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akavuta pumzi, akavua viatu vyake vya sherehe, akavipanga kwenye benchi.

"Nimemtusi mama yake miaka sita," akasema. "Acha nimlipe mama huyo. Nenda kachukue mito, wewe kichwa kigumu. Kimbia!"

*

Asubuhi ile Fundi ndiye aliyekuwa nahodha. Alikata neti iliyobaki kwenye mapazia, akashona mifuko mirefu myembamba, akaijaza sufi, akailaza ndani ya ngama mmoja mmoja. Ukishiba, unatolewa, unakamuliwa kwenye pipa lenye kifuniko, unarudi kazini. Nepi zote zikaingia kwenye magunia, zile zilizopasuka zikachotwa kwa kijiko. Nahodha akaleta sabuni ya unga, kilo nzima, aimwage aharakishe mambo.

"Thubutu!" mama yake akamshika mkono. "Sabuni haimezi mafuta, inayatawanya tu. Ukiimwaga hapo yatachanganyika na maji na hutayashika tena mpaka kiama. Mimi ndiye mfuaji hapa. Weka chini."

Akaiweka chini. Saa nne maji yalikuwa yanaonekana maji. Wakayachota kwa ndoo, wakayatia kwenye madumu, hata tone moja lisivuke ukingo wa boti. Lililomwagika sakafuni lilifutwa na watu watatu kwa pamoja. Wakasugua mbao kwa matambara makavu. Fundi alijilaza kifudifudi, akafuata njia ya mafuta kwa tochi mpaka akaona yanapotokea, bolti mbili zilizolegea chini ya tumbo la injini. Akazionyesha, Nahodha akazikaza, na chini yake Fundi akaweka sinia la bati, endapo.

"Miaka sita sikuziona bolti hizi," Nahodha akanong'ona.

"Hukuwahi kushona pindo," akajibiwa.

Saa sita kasoro dakika tano pikipiki ikasikika. Mkaguzi aliingia, akawatazama wote watatu, weusi mpaka viwiko, bibi kizee amevaa gauni la sherehe lililokunjwa hadi magotini. Hakuuliza. Aliikagua lakiri ya pampu, ilikuwa nzima. Alipitisha tambara jeupe kwenye mbao za ngama, mbele, nyuma, chini ya shafti. Alichota maji ya dumu kwa chupa, akayainua juani, akayageuza.

"Na magunia haya?"

"Nepi," Nahodha akasema. "Kama ulivyoagiza, mheshimiwa."

Mkaguzi akafungua gunia, akachungulia. Akafunga. Akafungua tena. Mabega yakaanza kumtikisika. "Baba yangu," akasema akishindwa kujizuia, "nepi ni vile vitambaa vinene vya kunywa mafuta, viko duka la vipuri! Mafundi ndio wanaviita nepi!" Akakaa kwenye benchi akacheka mpaka kofia ikamtoka, Bibi Shuka akaanza, na Fundi, na mwisho Nahodha mwenyewe, akicheka kwa aibu ya mtu mzima.

Halafu mkaguzi akajifuta macho, akatoa fomu, na uso ukarudi wa kazi.

"Swali la mwisho. Kabla ya leo, maji machafu mlikuwa mnayapeleka wapi?"

Kicheko kikakatika. Nahodha akafungua mdomo. Fundi alimjua, aliuona uongo ukija, umevaa vizuri na umechana nywele: gereji, mheshimiwa, siku zote gereji. Nahodha akamtazama mama yake. Mama hakumkonyeza, hakumkunjia uso. Alikuwa anang'oa mafuta chini ya kucha.

"Nilikuwa nayamwaga," akasema. "Hapa hapa. Kila Jumamosi, watu wamelala. Miaka sita. Mama yangu anafua pale chini."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama juu ya karatasi. Fundi aliuona mguu wa nyumba yake umeinuliwa hewani, haujui utatua wapi.

"Ungenidanganya ningekufungia leo," mkaguzi akasema hatimaye. "Madoa ya ukingoni niliyaona jana. Leseni nakupa, ya miezi mitatu, halafu nakuja tena bila hodi. Uchafu wote, na madumu pia, yaende gereji leo hii, nataka risiti. Na fomu inataka jina la msimamizi wa chumba cha injini. Pampu haiwashwi mpaka msimamizi aangalie na aseme."

"Andika jina langu," Nahodha akasema, kifua kimeanza kurudi.

"Wewe? Baada ya hayo uliyoniambia?" Akageuza fomu upande wa pili wa benchi. "Mama, unajua kuandika?"

"Naandika vipimo vya watu kila siku," Fundi akasema, akafuta mkono kwenye sketi, akatia saini. Mkaguzi akaikata lakiri ya pampu, akashuka.

*

Alasiri hiyo, risiti ya gereji ikiwa mfukoni, boti iling'oa nanga na abiria thelathini na wawili, nusu yao waliotoka boti ya bluu kuja kuona mtoto. Katikati ya maji taa ndogo inayoonya kuwa ngama ina maji ikawaka. Mkono wa Nahodha ulikwenda kwenye swichi kwa mazoea ya miaka, ukafika, ukasita. Akageuka nyuma. Abiria wote walimwona akigeuka.

"Fundi," akaita. Akakohoa. "Naomba kuwasha pampu."

"Subiri kwanza," Fundi akasema.

Akanyanyua mbao, akashuka shimoni na tochi. Akaangalia sinia. Akaangalia bolti. Akavuta mfuko wa sufi, akaukagua upande huu na upande ule, bila haraka yoyote, kama anayekagua gauni la bibi harusi. Juu yake abiria walikuwa wametulia kimya, wanangoja, na mumewe alikuwa anangoja nao, mkono hewani. Alijisikia vizuri mno, hakutaka kudanganya nafsi yake. Akakaa kule chini dakika moja zaidi ya ilivyohitajika.

Akatoa kichwa.

"Bado maji ni kidogo. Endesha boti."

"Sawa, Fundi," Nahodha akasema mbele ya watu wote, akaendesha.